Kihamba, Kiwanja na Nyumba: Habari za Ardhi na Ujenzi katika Usharika Wetu

Kamati ya kitabu hiki ilipomtuma mzee wa kanisa nyumbani kwangu kuniomba niandike sura ya majengo, nilifahamu kilichotarajiwa: kanisa la kwanza la nyasi, kanisa la pili la mawe, kengele, ofisi na nyumba ya mchungaji. Mambo hayo yameelezwa vizuri na wenzangu katika sura zilizotangulia, wala sioni sababu ya kuyarudia. Naomba msomaji anivumilie niandike juu ya jambo ambalo sharika nyingi hulisahau zinapohesabu miaka yao, yaani jinsi Wakristo wenyewe walivyopata mahali pa kukaa na jinsi walivyojenga. Wale waliobeba mawe ya kanisa kutoka mtoni walirudi jioni kulala katika nyumba za namna gani? Ardhi zilipokuwapo nyumba hizo waliipataje? Na imekuwaje wajukuu wao wanunue kwa fedha kile ambacho babu zao walipewa kwa mbuzi na pombe ya ndizi? Ninayo sababu nyingine ya kuandika, nayo nitaitaja mwishoni.

Hapa mlimani Meru, kama ilivyo kwa jirani zetu Wachaga, kihamba hakikuwa bidhaa. Kilikuwa makao, shamba na kaburi kwa wakati mmoja. Baba alimkatia mwanawe sehemu alipooa. Na palipokuwa na ardhi ambayo haijafyekwa, kijana alikwenda kwa mshili na wazee wa ukoo, akasikilizwa, akaonyeshwa mahali. Mpaka haukuandikwa popote, ulipandwa. Mche wa masale uliotiwa ardhini mbele ya jirani wa pande zote ulikuwa na nguvu kuliko karatasi nyingi nilizoziona katika miaka yangu ya uchungaji, kwa sababu kuung'oa kulikuwa kumtukana jirani pamoja na wafu wake. Jani lile lile, ndugu zetu wa huku wote wanajua, ndilo lililopelekwa kuomba msamaha. Watu wetu waliona sawa kwamba kitu kinachotenganisha mashamba ndicho hicho hicho kinachopatanisha wenye mashamba.

Nyumba ya zamani niliiona mwisho wake nikiwa mtoto. Ilikuwa ya duara, imeezekwa kwa nyasi na majani makavu ya mgomba, jiko katikati, ng'ombe upande mmoja na watu upande wa pili. Wageni waliandika kwamba ilikuwa giza na moshi. Ni kweli, lakini moshi ule ulikausha paa na kufukuza wadudu, na nyumba ambayo moto wake ulizimika kwa msimu mmoja ilianza kuoza. Ujenzi wenyewe haukuchukua miezi. Wanaume walikusanya miti na fito, wanawake walileta nyasi, na siku ya kuezeka jirani wote walifika. Hakuna aliyelipwa ila kwa chakula, na kwa deni la kwenda kujenga kwa mwenzake siku yake itakapofika.

Injili ilipoingia Meru, ardhi ilikuwa sehemu ya habari tangu siku ya kwanza. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili vijana wa Misioni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliotoka nchi za Baltiki, walipiga kambi Akeri wakitafuta mahali pa kujenga kituo, nao wakauawa usiku pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Mashahidi hao tunawaheshimu kila mwaka. Lakini mwanahistoria hana budi kusema pia kwamba watu wa Meru hawakuwa wamewaalika. Mzungu mwenye mahema na wapagazi, aliyekuja huku serikali ya Kijerumani ikiwa jirani na bunduki zake, hakuweza kutofautishwa kwa urahisi na mzungu aliyekuja kutwaa nchi. Adhabu ya Wajerumani iliyofuata ilikuwa kali, ikaacha njaa na vilio. Ndipo mwaka 1902 kituo cha Nkoaranga kikaanzishwa, na kutoka huko neno likashuka na kupanda mlima hadi kutufikia sisi.

Mwaka mmoja kabla ya mauaji yale, yaani mwaka 1895, amri ya Kaisari ilikuwa imetangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe katika koloni ni mali ya dola. Neno zito hapo ni "isiyo na mwenyewe." Malisho ya mifugo, bonde lililopumzishwa, mahali ambapo watoto wa kesho wangekatiwa vihamba, vyote hivyo machoni pa mpimaji vilionekana havina mtu. Kwa amri hiyo misioni zilipata viwanja vyao, na kwa amri hiyo hiyo walowezi walipata mashamba kuzunguka mguu wa mlima, wakiwemo Makaburu waliotoka Afrika Kusini baada ya vita vyao na Waingereza. Juu serikali iliweka mpaka wa msitu, chini mashamba ya wageni yakafunga njia ya kushuka tambarare. Watu wetu wakabaki katikati kama nafaka kati ya mawe mawili ya kusagia. Sisi wa kanisa tunapoonyesha kwa fahari mawe yaliyochongwa kwa ustadi wakati ule, na ni vema tuyaonyeshe, tukumbuke kwamba hati ya kiwanja cha misioni na hati ya shamba la mlowezi zilitoka katika ofisi moja.

Kufika miaka ya 1940 msongamano ulikuwa mkubwa. Serikali ya Kiingereza ilimteua Jaji Mark Wilson achunguze ardhi za Arusha na Moshi, na taarifa yake ikatoka mwaka 1947. Alitambua kwamba wenyeji wamebanwa. Hata hivyo sehemu ya mapendekezo iliyotuumiza ni ile ya kupanga upya mashamba ili eneo la kaskazini mwa mlima liwe la wafugaji wa Kizungu peke yao. Mwezi Novemba 1951 watu wa Ngarenanyuki waliokuwa katika mashamba namba 31 na 328 walianza kuondolewa kwa nguvu, jumla yao wakiwa kama 3,000. Nyumba zilichomwa. Walioonyeshwa mahali pengine walipelekwa upande wa King'ori, chini zaidi, kwenye joto na ukame.

Wamo katika usharika huu watu ambao wazazi wao waliondolewa siku zile. Mama mmoja, aliyelala katika Bwana miaka mingi iliyopita, alinisimulia kwamba jambo lililomliza halikuwa nyumba, kwa kuwa nyumba ya nyasi hujengwa tena. Alililia jiwe lake la kusagia, zito mno kubebwa. Aliwaomba askari wampe siku moja ili kaka zake waje kulichukua, na hakupewa.

Watu wa Meru hawakurusha mishale safari hii. Walichanga fedha na kumtuma Kirilo Japhet, kijana aliyesomeshwa na kanisa, akafika New York mwaka 1952 kusema mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Wajumbe wengi walikubali kwamba Wameru warudishiwe ardhi yao, ila theluthi mbili zilizohitajika katika Baraza Kuu hazikupatikana. Kwa hiyo kwa hesabu ya kura tulishindwa. Lakini mtu aliyetoka kwenye migomba alikuwa amesimama mbele ya mataifa akaeleza mipaka ya shamba la baba yake, na waliosikia habari hiyo katika Tanganyika nzima hawakuisahau. Baada ya Uhuru familia nyingi zilirudi Ngarenanyuki. Kanisa lililoko kule sasa lina historia yake, na sitaivamia.

Kahawa ndiyo iliyobadilisha nyumba. Mtu alipopata malipo ya msimu alinunua kwanza bati. Ukuta ungeweza kubaki wa udongo miaka kumi, lakini bati lilionekana kutoka mbali. Nyumba ya duara ikatoa nafasi kwa nyumba ya pembe nne, kwa sababu bati halikubali kuzungushwa. Ni jambo dogo, lakini lilitenganisha ng'ombe na watu, likaleta chumba cha wageni, likatoa jiko nje. Wanawake wa rika la mama yangu walisifu bati kwa sababu nyingine kabisa: waliweza kukinga maji.

Uhuru ulileta mawazo mapya juu ya umiliki. Mwalimu Nyerere alikuwa ameandika tangu mwaka 1958, katika "Mali ya Taifa", kupinga ardhi kufanywa mali ya mtu ya kuuzwa apendavyo. Mwaka 1963 umilikaji wa milele uliotokana na hati za kikoloni ulifutwa ukafanywa upangaji wa serikali, na mwaka 1969 upangaji huo ukawa haki ya kumiliki kwa muda maalumu. Hati za zamani za misioni zilipita katika mabadiliko hayo yote. Mwaka huo wa 1969 pia ilipitishwa Sheria ya Elimu, na shule zetu za msingi zikawa za serikali. Sitalalamikia uamuzi ule, maana watoto wengi zaidi walisoma. Nataja tu kwamba shule ilipoondoka mikononi mwa kanisa, hakuna aliyekwenda na kamba kupima shule inaishia wapi na kanisa linaanzia wapi. Vijiji vya ujamaa navyo, vilivyohamisha mamilioni ya watu kwingineko nchini katika miaka ya 1970, huku juu viliandikishwa pale pale watu walipokuwa, kwa sababu migomba haihamishwi.

Kipindi kigumu cha ujenzi kilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera. Saruji ilipatikana kwa kibali, bati kwa kibali, misumari kwa kujuana. Nyumba ya mchungaji ya usharika ilikaa na kuta bila paa kwa muda mrefu, mvua mbili za masika zikaipiga, na wazee wa kanisa wakaifunika kwa majani ya mgomba kama walivyofundishwa na baba zao. Vijana waliicheka. Ilipofika mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, bati zilianza kuonekana tena madukani kwa bei ya kutisha, na paa likapatikana. Kuta zilizofunikwa kwa majani hazikuwa na ufa hata mmoja.

Niingie sasa katika habari ambayo wachungaji hatuisemi sana. Mchungaji hukaa katika nyumba ya usharika. Ni heshima, na Wakristo huitunza kwa upendo. Lakini akifika umri wa kustaafu hukabidhi funguo, na wiki ile ile mrithi wake huleta vitanda vyake. Wenzangu kadhaa walikabidhi funguo wakiwa hawana mahali pa kwenda. Kihamba cha baba kilikwisha kugawanywa kwa ndugu waliobaki nyumbani, na kitinda mimba ndiye aliyerithi nyumba ya wazazi, kama mila inavyotaka. Mtu aliyewazika watu wa sharika nne au tano anarudi kuwa mgeni katika ukoo wake mwenyewe. Mimi nilibarikiwa mwaka 1988, na mke wangu, ambaye ni binti wa mwinjilisti na alijua jambo hili tangu utoto, alianza kunikumbusha kabla hata ya ubatizo wa mtoto wetu wa pili.

Nilinunua mara ya kwanza mwaka 1993, ekari moja tambarare, kutoka kwa Mkristo wa usharika niliokuwa nikiutumikia. Mapatano yaliandikwa kwenye karatasi iliyokatwa katika daftari la shule, tukatia sahihi, mashahidi wawili wakaweka dole gumba. Sikumwuliza mke wa muuzaji. Sikuwaita jirani wa pande nne. Nilikuwa nimesoma miaka ya kutosha chuoni Makumira, nikaweza kufafanua Mwanzo 23, jinsi Ibrahimu alivyonunua pango la Makpela kwa fedha iliyopimwa, mbele ya wote walioingia langoni pa mji, huku shamba, pango na miti iliyomo vikitajwa kimoja kimoja. Niliihubiri sura ile mara nyingi. Haikunipitia akilini kwamba Ibrahimu alikuwa ananifundisha namna ya kununua kiwanja.

Baada ya miezi saba mdogo wake muuzaji akaja na mama wa nyumba ile. Nusu ya ekari ilikuwa ya mdogo mtu, na ile nusu nyingine ndiyo iliyowalisha watoto. Fedha yangu ilikuwa imekwisha kutumika, na mama yule hakuona hata shilingi. Niliambiwa na rafiki mwenye elimu ya sheria kwamba ningeweza kushtaki. Ningeshtaki, ningemwekea nani mkono kichwani siku ya kipaimara? Tuliketi, tukapatana. Nilirudishiwa sehemu ya fedha kwa muda wa miaka mitatu, kwa magunia ya mahindi na mtamba mmoja. Nusu nyingine ya hasara niliisamehe, na nasema kwa unyofu kwamba nilisamehe kwa midomo kabla ya kusamehe kwa moyo. Mke wangu hakunilaumu mbele ya watoto. Aliniambia tu, "Baba, mara nyingine twende wote."

Tulikwenda wote mwaka 2004. Kufikia hapo sheria zilikuwa zimebadilika. Tume ya Profesa Issa Shivji ilikuwa imezunguka nchi miaka ya 1991 na 1992 kusikiliza malalamiko ya ardhi, ikafuata Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995, kisha Sheria ya Ardhi namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001. Nimekuta Wakristo wengi, hata wazee wa kanisa wenye elimu, wasioyajua mambo yaliyomo. Ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji; mwenyekiti peke yake, hata akiwa na mhuri, si Halmashauri. Haki ya mwanamke ya kupata na kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume. Haki ya mtu aliyekaa kwa mila inatambuliwa kisheria, naye anaweza kupewa hati ya hakimiliki ya kimila. Tena tangu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 mume hawezi kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mkewe, wala mke bila ridhaa ya mumewe. Laiti ningalijua hilo la mwisho mwaka 1993.

Jambo la kwanza ambalo mke wangu aliuliza tulipoonyeshwa eneo hili tunalokaa halikuwa bei. Aliuliza watoto wa jirani wako wapi, akawaita, akawapa pipi, akatazama meno yao. Msomaji wa huku ameshaelewa. Maji ya upande wa kaskazini na mashariki wa mlima wetu yana madini ya floridi kwa wingi, kutokana na miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na iko mito na chemchemi kwetu inayopita kiasi hicho mara nyingi. Mtoto anayekua akiyanywa meno huwa ya kahawia, na yakizidi sana mifupa ya miguu hupinda. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefundisha watu kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kazi njema sana, ila chujio linahitaji kubadilishwa, na ni wachache wanaokumbuka. Watoto wale walikuwa na madoa. Tukanunua hata hivyo, kwa kuwa uwezo wetu uliishia pale, lakini tulinunua tukijua kwamba nyumba yetu itajengwa kwa ajili ya paa lake.

Nieleze maana yake. Paa lenye eneo la mita za mraba 100, mvua ya milimita moja ikinyesha, hukusanya lita 100. Masika moja ya kawaida yaweza kujaza tangi kubwa na kulimwaga. Basi tulichora paa kwanza, vyumba vikafuata: paa la migongo miwili tu, bila mapambo, lenye mteremko wa kutosha na mifereji pande zote mbili, na msingi wa tangi uliochimbwa siku moja na msingi wa nyumba. Fundi alishangaa. Alikuwa na picha ya nyumba ya mjini yenye paa la pembe nyingi, na alinieleza kwamba nyumba ya mchungaji inapaswa kupendeza. Nilimjibu kwamba itapendeza wakati wa kiangazi.

Msingi haukuwa mwepesi. Udongo wetu ni majivu ya volkano, mlaini juu kama unga, na mtu akichimba futi mbili akaridhika, ukuta utapasuka masika ya kwanza. Tulichimba hadi tulipogonga udongo mgumu, mahali pengine futi nne. Pembe tulizipata kwa kamba ya futi tatu, nne na tano, hesabu ya kale ambayo babu zetu hawakuihitaji kwa nyumba ya duara. Mawe tulipata bure kutoka kwenye korongo, gharama ikawa trekta la kuyabeba. Kwa tofali fundi alinihakikishia kwamba mfuko mmoja wa saruji waweza kutoa tofali 50. Nilitaka zisizidi 30, zimwagiliwe maji siku saba chini ya majani, na kwa jambo hilo tuligombana karibu ajiache kazi. Mke wangu alimwagilia mwenyewe, asubuhi na jioni. Mbao za paa zilikuwa saipresi, zikapakwa oili chafu kwa ajili ya mchwa. Juu ya kuta tulizungusha mkanda wa zege na nondo, kwa sababu mlima huu haukufa, umelala tu, na ardhi hutikisika mara kwa mara.

Ilituchukua miaka kumi na mmoja. Ninawaambia vijana wanaofunga ndoa wasione aibu. Mwaka wa msingi, mwaka wa kuta, miaka miwili ya ada ya sekondari ambayo hakuna tofali lililoongezeka, mwaka wa linta, mwaka wa ugonjwa. Wako waliopita njiani wakasema mchungaji ameanza kujenga akashindwa kumaliza, kama yule wa mnara katika Luka 14. Niliwasikia. Siku ya bati wakaja wale wale, wanaume wakapanda juu, wanawake wa kikundi cha Umoja wakapika, na jioni hakuna aliyetaka malipo. Nilitambua kwamba nilikuwa ninaona tena ile siku ya kuezeka kwa babu yangu, isipokuwa nyasi hazikuwepo.

Sasa sababu yangu ya pili. Mtaa wetu wa tambarare una eneo ambalo nyumba ya sala na uwanja wa watoto vimesimama juu yake. Eneo lile lilitolewa mwaka 1968 na mzee mmoja wa ukoo ulio jirani, kwa mdomo, baada ya ibada, mbele ya balozi wa nyumba kumi na wazee wa kanisa. Nilikuwa na miaka tisa. Mimi na watoto wengine tulibeba miche ya masale kutoka kihambani kwetu ikapandwa siku ile. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Wakati huo kuomba karatasi kungemwudhi mzee.

Leo mjukuu wake ameuliza karatasi iko wapi. Wapo katika Baraza la Wazee waliomwita mchoyo. Siwaungi mkono. Kijana huyo na ndugu zake wanne wamerithi kihamba ambacho hakifiki nusu ekari, na bei ya kiwanja karibu na barabara imepanda kuliko kahawa ya maisha yote ya babu yake. Anauliza swali ambalo mtu yeyote mwenye watoto angeuliza. Mabaraza ya kata, ambayo tangu mwaka 2021 kazi yake imebaki kuwa usuluhishi, yatatusikiliza, lakini yatauliza swali lile lile. Nabii Yeremia alipolinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17, mji ukiwa umezingirwa na yeye mwenyewe kifungoni, aliandika hati mbili, moja ya kutiwa mhuri na moja ya wazi, akaagiza ziwekwe katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Nabii hakuona kwamba karatasi inapunguza imani. Sisi tulikaa zaidi ya miaka hamsini bila chombo cha udongo.

Maoni yangu, ambayo ni yangu peke yangu wala si ya Baraza, ni kwamba kipande cha chini kuelekea korongoni, ambacho usharika haujakitumia tangu siku kilipotolewa, kirudishwe kwa ukoo ule, kisha ukoo na usharika waende pamoja kwenye Halmashauri ya Kijiji sehemu iliyobaki ikapimwe na kuandikwa. Mashahidi wa mwaka 1968 tumebaki watatu, na mmoja wetu haoni tena.

Kwa hiyo naandika hapa mipaka kama nilivyoiona na kama wenzangu wawili walivyothibitisha mwaka huu tulipoizunguka kwa miguu, kijana yule akiwa pamoja nasi. Kaskazini ni mfereji wa zamani wa maji, ule mkavu, si mpya. Mashariki ni safu ya masale kumi na manne kuanzia mti mkubwa wa mringaringa. Kusini ni njia ya ng'ombe ambayo sasa ni barabara ya gari. Magharibi ni shule, na hapo mpaka wa kweli ni hatua sita ndani ya ua wao, jambo ambalo mwalimu mkuu analijua na hatujaligombania. Masale mawili ya pembe ya kusini yalikauka wakati wa ukame. Mahali pake tumeweka mawe, na chini ya kila jiwe tumefukia kipande cha bati kuukuu kutoka paa la kanisa la pili, ili atakayechimba apate kitu.